Paka Watatu na Chama cha Wamiliki: Uchambuzi wa Kesi ya Lakeside Village

Januari 1988 mwanamke mmoja alinunua fleti mjini Culver City, katika Kaunti ya Los Angeles, akahamia na paka wake watatu. Makazi hayo, Lakeside Village, yalikuwa na fleti 530 katika majengo 12 ya ghorofa tatu tatu. Wakazi walitumia pamoja kumbi za kuingilia, korido, vyumba vya kufulia na sehemu za kutupa taka. Chama cha wamiliki kilipopata habari za paka hao kikamtaka awaondoe. Hakuwaondoa, na kwa kila mwezi aliokaa nao kikamwandikia faini.

Sharti lililotumika halikuwa na utata. Ndani ya fleti hairuhusiwi kuwekwa mnyama, maana yake mbwa au paka, wala mifugo, reptilia au kuku. Samaki na ndege wa kufugwa nyumbani hawakukatazwa. Na si sharti lililotungwa na bodi baada ya mama huyu kuhamia. Lilikuwa ndani ya hati ya masharti ya makazi yote, iliyokwisha kusajiliwa kabla hajanunua. Yeye alisema kwamba wakati ananunua hakulijua.

Aliamua kukishtaki chama, viongozi wake na wafanyakazi wake wawili. Aliiomba mahakama ifute faini alizotozwa na izuie nyingine zisitozwe. Alidai fidia kwa kuchunguliwa ndani ya nyumba yake na kwa maumivu ya moyo aliyosababishiwa. Kisha akaomba mahakama itamke kwamba sharti lile si la busara linapotumika kwa mtu kama yeye, ambaye paka wake hawatoki nje, hawana kelele na hawamsumbui jirani.

Ombi hilo la mwisho ndilo lililobeba kesi, na ndiyo sababu ninaichambua leo. Karibu kila mwenye nyumba anayegombana na chama chake huanzia hapo hapo: mimi nimemdhuru nani? Ni swali la haki kabisa kwa mtu aliyeonewa. Lakini mbele ya mahakama ya California ndilo swali dhaifu kuliko yote anayoweza kuuliza, na kesi hii ndiyo iliyolifanya liwe dhaifu.

Kwanza tuelewe chama chenyewe kinapata wapi nguvu. Mjenzi wa makazi ya aina hii, kabla hajauza nyumba ya kwanza, husajili kaunti hati inayosema nini kinaruhusiwa na nini kimekatazwa, nani anachangia nini, na chama kitaendeshwaje. Ukinunua, unanunua pamoja na hati hiyo. Huhitaji kuisaini, wala kutoisoma si utetezi, kwa sababu kuisajili kunahesabiwa kuwa ni kuijulisha dunia nzima. Mwaka 1985 Bunge la California lilipitisha sheria inayosimamia makazi haya, iitwayo Davis-Stirling. Kifungu chake cha 1354, kama kilivyokuwa wakati huo, kilisema masharti yaliyomo katika hati hiyo yanamfunga kila mmiliki na yanaweza kutekelezwa, isipokuwa pale yanapokuwa hayana busara.

Isipokuwa hiyo ndiyo iliyogombewa kwa miaka. Yasiwe na busara kwa nani? Kwa mmiliki aliyesimama mahakamani na paka wake wapole, au kwa makazi yote kwa ujumla?

Mahakama ya kwanza haikufika hata kwenye ushahidi. Ilikubali pingamizi la awali la chama na kuitupa kesi. Mama akakata rufaa na akashinda. Majaji wa rufaa, bila kuwa na kauli moja, walisema busara ya sharti lazima ipimwe kwa mazingira ya mmiliki husika, hivyo apewe nafasi ya kuthibitisha kwamba paka wake hawana madhara. Hawakuwa wamebuni jambo jipya. Mwaka 1987 mahakama ya rufaa ya jimbo hilo ilikuwa imekataa kumzuia mkazi kuegesha pikapu yake safi, isiyo ya biashara, ingawa masharti yalikataza magari ya aina hiyo. Mwaka 1992 mahakama nyingine ya rufaa ilikataa kutekeleza marufuku ya madishi ya setilaiti dhidi ya mtu ambaye dishi lake halikuonekana na jirani yeyote. Kwa miaka michache, basi, mwenye nyumba wa California aliweza kusema "sijamdhuru mtu" na akasikilizwa.

Chama kikaipeleka kesi Mahakama ya Juu ya California. Uamuzi ulitoka tarehe 2 Septemba 1994. Majaji sita walisimama upande wa chama, mmoja akapinga.

Uamuzi wa wengi uliandikwa na Jaji Joyce Kennard, na hoja yake inahitaji kusomwa kwa utulivu hata na anayeichukia. Alisema busara ya sharti lililosajiliwa haipimwi kwa mtu mmoja mmoja. Inapimwa kwa makazi yote. Mahakama isiulize kama paka hawa watatu wanapiga kelele. Iulize kama kukataza paka na mbwa katika majengo ambamo watu 530 na familia zao wanatenganishwa na kuta na sakafu ni jambo linaloweza kuhusishwa na afya, usafi na kelele. Jibu likiwa ndiyo, sharti linasimama. Litaanguka kwa njia tatu tu: likipingana na sera ya umma, likiwa halina uhusiano wowote wa maana na ulinzi, utunzaji au matumizi ya makazi hayo, au likiwabebesha wamiliki mzigo mkubwa mno kuliko faida inayopatikana. Mzigo huo nao unapimwa kwa wote, siyo kwa mlalamikaji peke yake.

Sababu aliyoitoa ni ya watu wengine, ambao hawakuwepo mahakamani. Yupo aliyenunua pale kwa kuwa aliahidiwa kwamba hakutakuwa na mbwa wala paka. Labda ana pumu, labda anaogopa wanyama, labda hapendi tu. Huyo naye ana haki ya kutegemea hati iliyosajiliwa. Na kama kila sharti litapimwa upya kila anapotokea mtu mwenye hali yake ya pekee, kila chama kitaishi mahakamani, na gharama za mawakili zitalipwa na wamiliki wale wale kupitia ada zao za mwezi. Kesi zile za pikapu na dishi, kwa kadiri zilivyopima busara kwa mtu mmoja, zikatamkwa kuwa hazifuatwi tena. Hoja ya haki ya faragha iliyomo katika katiba ya jimbo nayo haikufua dafu: majaji hawakuona kwamba faragha hiyo inabeba haki ya kufuga paka katika makazi ya aina hii.

Jaji Armand Arabian alikataa. Kwake, sharti hili lilikuwa la kiholela na lisilo na busara tangu mwanzo, kwa sababu linaingia ndani ya mlango wa mtu na kukataza jambo ambalo halitoki nje ya mlango huo. Aliandika kwa kirefu juu ya mchango wa mnyama katika maisha ya binadamu, hasa mpweke na mzee, na akawalaumu wenzake kwa mtazamo wao finyu.

Nikiulizwa mimi nani alikuwa sahihi, nitasema Arabian aliuona uchungu vizuri zaidi, na Kennard aliiona sheria vizuri zaidi. Ila kuna jambo moja ambalo uamuzi wa wengi uliliacha jepesi mno. Ulisema mnunuzi amekubali masharti kwa kununua. Kwa mtu mwenye uchaguzi mpana hilo linaweza kuwa kweli. Lakini mahali ambapo sehemu kubwa ya nyumba za bei ya kawaida ziko ndani ya vyama vya namna hii, kukubali kunakozungumziwa ni kukubali kwa mtu ambaye hana pengine pa kwenda. Hati hizo ni ndefu, zimeandikwa na mawakili wa mjenzi, na hupatikana mnunuzi akiwa ameshaahidiwa mkopo na ameshatoa notisi anakopanga. Sheria ya California inamtaka muuzaji amkabidhi mnunuzi hati za chama kabla ya kuhamisha umiliki. Ni kinga nzuri, ila inamfaa yule tu anayezisoma siku anazopewa.

Tuache uchungu, turudi kwenye kazi. Mama wa Lakeside Village alishindwa kwa sababu alilishambulia sharti lenyewe, na sharti lenyewe lilikuwa limekaa mahali palipo imara kuliko pote. Mahakama ya Juu iliazima tofauti ambayo mahakama ya Florida ilikuwa imeieleza mwaka 1981: masharti yaliyo ndani ya hati iliyosajiliwa yanakuja yamevaa dhana ya uhalali, hata yakiwa na ukali kiasi fulani, kwa kuwa kila aliyenunua aliyakuta. Kanuni ambazo bodi inazitunga yenyewe baadaye hazina kinga hiyo. Hizo lazima zipite kipimo cha busara, na bodi lazima ioneshe zinahusiana na lengo halali la makazi.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwenye barua ya faini mkononi ni: katazo hili limeandikwa wapi? Sheria ya sasa ya California, kifungu cha 4205, imepanga daraja waziwazi. Juu kabisa ni sheria ya nchi. Chini yake ni hati ya masharti iliyosajiliwa, kisha hati ya kuundwa kwa chama, kisha katiba ya ndani ya chama, na mwisho kabisa kanuni za uendeshaji zinazotungwa na bodi. Kanuni ya bodi ikigongana na hati iliyosajiliwa, kanuni ndiyo inayokufa. Nimeona wamiliki wakibishana miezi juu ya rangi ya mlango au gari la mgeni bila kuuliza kama katazo lenyewe linatoka kwenye hati au kwenye barua pepe ya meneja. Na kanuni mpya ya bodi haizaliwi kimyakimya: wanachama wanapaswa kuarifiwa mapema na kupewa nafasi ya kutoa maoni, na wanachama wanaofikia asilimia 5 wanaweza kudai mkutano maalumu wa kuipigia kura kanuni hiyo iondolewe.

Sasa tuchukue kisa kile kile tukilete leo. Paka watatu, fleti ile ile, chama kile kile. Mama anapata barua.

Jambo la kwanza ambalo lingebadilika ni faini. Chama hakiwezi kuamka na kumtoza mtu kiasi kinachokijia kichwani. Lazima kiwe na orodha ya faini iliyopitishwa na kusambazwa kwa wanachama. Tangu katikati ya 2025, baada ya Bunge la California kupitisha sheria iitwayo AB 130, faini ya kosa moja haiwezi kuzidi dola 100, au kiasi kilichomo kwenye orodha kama ni kidogo zaidi. Panapodaiwa hatari kwa afya au usalama wa watu kikomo hicho kinaweza kuvukwa, lakini hapo bodi inatakiwa itoe maelezo ya maandishi kwenye mkutano wa wazi, mbele ya wanachama. Sioni bodi ikisimama mbele ya majirani na kuandika kwamba paka aliyelala juu ya kochi ni hatari kwa maisha ya mtu.

La pili ni utaratibu, na hapa ndipo kesi nyingi zinaposhindwa na vyama vyenyewe. Kifungu cha 5855 kinadai bodi impe mmiliki taarifa ya maandishi angalau siku 10 kabla ya kikao cha kumwadhibu. Taarifa hiyo itaje tarehe, saa, mahali, kosa analodaiwa kulitenda, na haki yake ya kuhudhuria na kusema. Anaweza kuomba kikao kiwe cha faragha. Akirekebisha kosa kabla ya kikao, hawezi kuadhibiwa. Uamuzi nao lazima umfikie kwa maandishi ndani ya siku 14. Sheria haikuishia hapo. Imesema adhabu iliyotolewa bila kufuata hatua hizo haina nguvu. Basi mmiliki haanzi kwa kujitetea kuhusu paka. Anaanza kwa kuuliza: taarifa iko wapi, ilitumwa lini, ilisema nini, kikao kilikaa lini, nani walikuwepo?

Ili aweze kuuliza hivyo anahitaji makaratasi, na makaratasi ni haki yake. Mwanachama anaweza kudai kwa maandishi kumbukumbu za mikutano, hesabu, mikataba, bajeti na orodha ya faini. Kwa kumbukumbu za mwaka wa fedha unaoendelea, chama kina siku 10 za kazi kuzitoa. Kwa zile za miaka miwili iliyotangulia, siku 30. Kikikataa bila sababu ya kisheria, mahakama inaweza kukitoza hadi dola 500 kwa kila ombi lililokataliwa, na kumrudishia mwanachama gharama zake. Mimi ningemshauri mtu yeyote aombe kumbukumbu kabla hajaandika neno moja la malalamiko. Humo ndimo atakapokuta kama jirani wa ghorofa ya pili ana mbwa miaka minne na hajawahi kupata barua. Chama kinachotekeleza sharti kwa kuchagua sura za watu kinajidhoofisha chenyewe mahakamani, na ushahidi wa hilo hupatikana kwenye mafaili yake.

La tatu ni mazungumzo. Mmiliki akiomba kwa maandishi kukutana na mjumbe wa bodi ili kusuluhisha mgogoro, chama hakiruhusiwi kukataa, na hakiruhusiwi kumtoza ada kwa hilo. Mmiliki mwenyewe akiombwa na chama, anaweza kukataa. Sheria imeegemea upande wake kwa makusudi. Makubaliano yakiandikwa na kusainiwa, na yakiwa hayapingani na sheria wala hati ya masharti, yanaifunga bodi. Kwa kesi ya kutaka tamko au amri ya mahakama kuhusu masharti, kwa kawaida upande unaotaka kushtaki lazima kwanza upendekeze usuluhishi kwa upande wa pili, ambao una siku 30 za kujibu. Anayekataa usuluhishi anaruhusiwa, ila jaji anaweza kulikumbuka hilo anapopanga gharama.

Na gharama ndiyo inayotisha. Kifungu cha 5975, ambacho ndicho mrithi wa kile cha 1354, kinasema anayeshinda kesi ya kutekeleza masharti analipwa ada ya wakili na aliyeshindwa. Ni kisu chenye makali pande zote mbili. Mwenye nyumba aliye na hoja nzuri anaweza kupata wakili kwa sababu hiyo; mwenye hoja ya "sijamdhuru mtu" anaweza kuanza na faini ya dola 100 na kumaliza na deni la wakili wa chama linalozidi thamani ya gari lake. Hii ndiyo sababu nasisitiza kuchagua uwanja wa kupigania. Migogoro midogo ya fedha inaweza kupelekwa mahakama ya madai madogo, ambako mtu binafsi anaweza kudai hadi dola 12,500 na mawakili hawaruhusiwi kusimama kumwakilisha mtu.

Hofu ya nne, na ndiyo inayowanyima watu usingizi, ni kupoteza nyumba. Wengi wanachanganya faini na ada ya mwezi, na baadhi ya mameneja hawajisumbui kuwafafanulia. Ada ya mwezi isiyolipwa inaweza kusajiliwa kama deni juu ya nyumba, na nyumba ikauzwa. Lakini California imeweka vizingiti. Kama deni la ada halijafika dola 1,800, bila kuhesabu riba na gharama za ukusanyaji, na halijapita miezi 12, chama hakiwezi kupiga mnada nyumba. Uamuzi wa kupiga mnada lazima upitishwe kwa kura ya wajumbe wa bodi wenyewe. Hauwezi kuachiwa kampuni ya ukusanyaji madeni. Nyumba ikishauzwa bila kupitia mahakamani, mwenyewe ana siku 90 za kuikomboa. Ama faini ya nidhamu, hiyo haiwezi kugeuzwa kuwa deni la kuuzia nyumba kwa mnada wa namna hiyo. Mama wa paka asingepaswa kulala akihofia kwamba faini hizo pekee zitaleta dalali mlangoni.

Hapa niongeze onyo dogo. Kuna mtu atasoma haya na kuamua kuacha kulipa ada ya mwezi hadi bodi imsikilize. Asifanye hivyo. Anakuwa ameuhamisha mgogoro kutoka mahali alipo na nguvu na kuupeleka mahali chama kilipo na nguvu zote. Kama anabishia kiasi fulani, sheria inamruhusu alipe huku akiandika kwamba analipa kwa kupinga, kisha adai fedha zake mahakama ya madai madogo.

Paka wenyewe je? Miaka sita baada ya uamuzi, mwaka 2000, Bunge la California lilipitisha kifungu cha 1360.5, ambacho leo ni cha 4715. Kilianza kutumika tarehe 1 Januari 2001. Kinasema hati za chama haziwezi kumkataza mmiliki kufuga angalau mnyama mmoja wa nyumbani: mbwa, paka, ndege, au samaki wa kwenye tangi. Chama kinabaki na haki ya kuweka kanuni za busara, kama vile mbwa kufungwa kamba koridoni. Jambo ambalo majaji sita walilikataa, wabunge walilitoa, na walilitoa kwa njia ambayo mahakama isingeweza: kwa kila mtu, bila kupima paka wa nani ni mpole.

Hilo si mara moja tu. Dishi la setilaiti, lililopoteza kinga yake California kwa uamuzi huu wa 1994, liliokolewa mwaka 1996 na kanuni ya mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, ambayo inavizuia vyama kukataza dishi lenye kipenyo kisichozidi mita moja kwenye sehemu anayoitumia mmiliki peke yake. Bendera ya taifa nayo ilipata sheria yake kutoka Bunge la Marekani mwaka 2006. Anayetaka kubadilisha sharti lisilo na busara apime kama anahitaji wakili au anahitaji mwakilishi wake bungeni, au kura za majirani za kurekebisha hati.

Kura hizo za majirani, hata hivyo, zinaweza kukugeukia. Mwaka 2004 Mahakama ya Juu ya California iliamua kesi ya makazi ya Villa de Las Palmas, mjini Palm Springs. Mmiliki alinunua mwaka 1995, wakati katazo la wanyama lilikuwa kanuni ambayo haijasajiliwa. Mwaka 2000 wanachama walirekebisha hati na kuliingiza humo. Yeye alisema haliwezi kumfunga kwa kuwa alinunua kabla. Mahakama ikamwambia linamfunga, na linavaa dhana ile ile ya uhalali iliyotamkwa katika kesi ya Lakeside Village, kwa sababu alinunua akijua hati inaweza kurekebishwa na wengi. Mwenye nyumba asiyehudhuria mikutano akidhani hati yake imesimama kama alivyoikuta anajidanganya.

Mwaka huo huo wa 2004, mahakama ya rufaa ya California ilifungua mlango mwingine katika kesi ya makazi ya Auburn Woods. Wanandoa wenye ugonjwa wa sonona walikuwa na mbwa mdogo aliyewasaidia kuishi na hali zao, na chama kiliwakatalia. Tume ya haki za ajira na makazi ya jimbo iliona kwamba chama kilipaswa kuwafanyia nafasi kutokana na ulemavu wao, na mahakama ya rufaa ikaunga mkono. Angalieni tofauti. Hawakusema sharti halina busara. Walisema sheria iliyo juu ya sharti inataka wao wapewe nafasi. Ni ngazi ya kwanza kabisa ya daraja lile la kifungu cha 4205, na ndiyo iliyowashindisha.

Tukirudi kwa mama wa Culver City, kifungu cha 4715 kingempa paka mmoja. Wawili waliobaki wangetegemea huruma ya bodi, au makubaliano ya maandishi yaliyopatikana kwenye kikao cha kusuluhisha, jambo ambalo ningelijaribu kabla ya kitu kingine chochote. Tena kifungu hicho kina kikwazo kinachowaponyoka wengi: kinahusu tu hati zilizoandikwa, kurekebishwa au kubadilishwa kwa namna yoyote tangu tarehe 1 Januari 2001. Makazi yenye hati ya miaka ya 1970 au 1980 ambayo haijaguswa bado yanaweza kukataza paka kama zamani. Lakini kifungu kinapotaja hati, kinamaanisha pia katiba ya ndani na kanuni za chama, siyo hati kuu peke yake. Chama ambacho kwa robo karne hakijabadilisha hata kanuni ya kuegesha magari ni nadra. Kwa hiyo aliyepata barua ya paka leo, aende ofisi ya usajili ya kaunti akaombe hati ya masharti na marekebisho yake yote, na kwa chama aandike ombi la kanuni zote pamoja na kumbukumbu za vikao vilivyozipitisha, kisha aangalie tarehe.